Uliumia, Sasa Unataka Kuwaponya Wengine: Ushauri kwa Anayetamani Kazi ya Saikolojia

Vijana wengi wanaochagua kusomea saikolojia wana sababu wasiyoiandika kwenye fomu ya chuo. Mmoja alilelewa na baba mlevi, akajifunza tangu utotoni kusikiliza hatua za mlangoni ili ajue kama usiku ule utapita salama. Mwingine alimzika mama yake akiwa darasa la tano. Watu wakampa pole hadi matanga yalipoanuliwa, kisha hakuna aliyemuuliza tena anaendeleaje. Yupo aliyebakwa akanyamaza, kwa kuwa aliyemtenda alikuwa mtu wa ukoo. Yupo aliyeishi na sonona tangu kidato cha pili, nyumbani wakamwita mvivu na kwenye ibada wakamwambia apunguze mawazo. Wala si vijana peke yao. Wapo walimu, wauguzi na akina mama waliokwisha kulea ambao, umri ukiwa umesogea, wanajiuliza: haya niliyopitia, nikiyasomea, hayawezi kumfaa mtu mwingine?

Yanaweza, na ninawaandikia watu hao kwa sababu hamu yao ni ya heshima na jamii zetu zinawahitaji. Ila ninalo neno ambalo ushauri wangu wote unatokana nalo. Kuumia kunaweza kukufikisha mlangoni mwa kazi hii, lakini hakukupi ruhusa ya kuingia. Kinachokuingiza ni kutibiwa kwanza wewe mwenyewe, kisha kusoma, kisha kukubali kusimamiwa na waliokutangulia. Ukiruka mojawapo, utawaumiza watu uliotaka kuwaponya.

Maumivu yanakufundisha nini

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyepitia kiwewe anajua mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi. Anajua kwamba mtu anaweza kucheka kazini mchana na kushindwa kuinuka kitandani alfajiri. Anajua aibu inavyofunga mdomo, na kwamba anayejibu "niko sawa tu" mara nyingi anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Anajua "jikaze" haijawahi kumtibu mtu. Anajua tarehe fulani ya mwaka inaweza kumwangusha mtu ambaye wiki nzima alikuwa mzima. Ujuzi huo humpa subira. Mgonjwa akinyamaza dakika nzima, hababaiki wala hajazi ukimya kwa maneno.

Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ina mpaka, na wengi hujikwaa hapo. Chukua mfano. Wewe ulifiwa na baba uliyempenda. Anakuja kijana aliyefiwa na baba yake mwezi uliopita, analia, na moyo wako unakwambia kwamba unayajua machozi hayo. Unaanza kumfariji kwa maneno uliyotamani kuambiwa wewe: baba alikupenda, utamkumbuka daima. Kumbe baba yule alikuwa akimpiga tangu akiwa mdogo, na kijana analia kwa kuwa siku ya mazishi alijisikia nafuu, na nafuu hiyo inamtia hatia. Kwa faraja yako umemfungia mlango. Hatarudi, wala hatakueleza kwa nini.

Maumivu yako, basi, yanakufundisha kwamba watu huumia. Hayakufundishi huyu aliye mbele yako ameumiaje. Hilo utalijua kwa kuuliza na kusikiliza, na kuuliza vizuri ni ujuzi unaofundishwa darasani na kunolewa miaka mingi.

Wakale waliliona hili

Si jambo geni kwetu kwamba mponyaji huanza kwa kuugua. Katika uganga wa pepo wa pwani, na katika ngoma za tiba za makabila mengi ya bara, mara nyingi mganga ni mtu aliyewahi kuletwa akiwa mgonjwa. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyezunguka Kinshasa, Dar es Salaam, Uswazi (sasa Eswatini) na Cape Town akichunguza ngoma hizo, alionyesha katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992 kwamba safari kutoka ugonjwa hadi uganga ni nguzo ya mila hizo kuanzia Ikweta hadi kusini kabisa mwa bara.

Uamini pepo au usiamini, tazama utaratibu wenyewe. Mgonjwa hakutoka kitandani akaenda moja kwa moja kutibu majirani. Kwanza alitibiwa yeye, mbele ya watu wake. Kisha aliingizwa kilingeni, akakaa chini ya mkubwa wake akijifunza dawa, nyimbo na miiko. Alipoanza kazi, alianza akitazamwa. Ugonjwa ulikuwa wito, na wito ulifuatwa na miaka ya kufundwa.

Saikolojia ya vyuo vikuu ilifika mahali palepale kwa njia nyingine. Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, ndiye aliyelipa uzito wazo la mponyaji aliyejeruhiwa, akikumbuka hadithi ya Wagiriki kuhusu Chiron, mganga mkuu aliyebeba jeraha lisilopona. Jung alipata kufika kwetu: mwaka 1925 aliteremka melini Mombasa, akasafiri hadi Mlima Elgon na kuketi na wazee akiwauliza habari za ndoto zao. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kudai kwamba anayetaka kuchunguza nafsi za wengine lazima kwanza nafsi yake ichunguzwe na mtu mwingine. Sharti hilo bado linafuatwa katika mafunzo mengi ya tiba ya mazungumzo duniani.

Mwanamke aliyeweka nadhiri

Kama kuna maisha ya kuyasoma kwa makini kabla hujaamua, ni ya Marsha Linehan wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1943 huko Tulsa, Oklahoma. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford, Connecticut, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijijeruhi. Alifungiwa peke yake, akapewa dawa nzito na kupigwa shoti za umeme, na hakuna kilichomfaa. Humo ndani aliweka nadhiri mbele ya Mungu: akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine.

Sasa angalia alichofanya na nadhiri hiyo. Alisoma usiku huku akifanya kazi, akapata shahada ya uzamivu ya saikolojia mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago. Alipoanza kuwatibu watu waliotaka kujiua, mbinu alizofundishwa za kuwabadilisha tabia ziliwaudhi, wakaona analaumu wagonjwa kwa mateso yao. Alipojaribu kuwapokea tu bila kudai mabadiliko, walikata tamaa kwa kuona hakuna kinachosogea. Akaunganisha yote mawili, kumkubali mtu alivyo na kumfundisha stadi za kubadilika, na akaupima mchanganyiko huo kwa utafiti uliolinganisha waliotibiwa hivyo na waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1991. Tiba hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama DBT, leo inatumika nchi nyingi kwa watu wanaojijeruhi.

Miaka yote hiyo umma haukujua kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa. Alitangaza mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, katika hospitali ileile alikolazwa akiwa msichana. Mateso yake yalimpa swali la kujibu na ukaidi wa kutolikimbia. Jibu lilitoka katika masomo na vipimo.

Hata Viktor Frankl, ambaye wengi humtaja kama mtu aliyefundishwa saikolojia na kambi za mauaji za Wanazi, hakuanzia huko. Alipokamatwa mwaka 1942 alikuwa tayari daktari wa akili mjini Vienna, na alikuwa na mswada wa kitabu ambao ulipotelea Auschwitz. Kambi ziliijaribu elimu yake kwa namna ya kutisha. Hazikuwa chuo chake.

Kabla ya kujaza fomu, jipime

Hakuna muda maalumu wa kupona ambao mtu anaweza kukupangia. Lakini yapo maswali yanayosaidia. Yajibu ukiwa peke yako, kwa maandishi, na usijidanganye.

Kwanza, unaweza kumweleza mtu unayemwamini yaliyokupata, mwanzo hadi mwisho, kisha ukaendelea na siku yako? Kutokwa na machozi si tatizo. Tatizo ni kama ukisimulia unahisi uko palepale tena, mwili unatetemeka, usiku hulali.

Pili, unaweza kumsikiliza mtu anayefanana na aliyekuumiza? Ukiwa mshauri, watakuja mume anayepiga mke, mama aliyemtelekeza mwanaye, mlevi asiyetaka kuacha. Wao pia ni wateja. Kama huwezi kukaa nao chumba kimoja bila chuki kukupanda, bado una kazi ya kufanya ndani yako, na si dhambi kuikiri.

Tatu, unataka kumwokoa nani hasa? Wako wanaosoma saikolojia ili wamtibu mama yao, wamrudishe kaka kutoka kwenye madawa ya kulevya, au wajielewe wao. Kujielewa ni haki yako, lakini ada ya chuo ni bei kubwa mno kwa jambo ambalo mnasihi mzuri angekusaidia kwa gharama ndogo zaidi.

Nne, una watu? Kazi hii huchosha nafsi. Asiye na rafiki, ndugu, jumuiya ya dini au kikundi cha kumpokea jioni, atawageuza wagonjwa wake kuwa faraja yake.

Ukiona majibu yamekutikisa, usikate tamaa na wala usiharakishe. Tafuta mnasihi au daktari ukatibiwe. Mganga hajigangi, na kanuni hiyo haimsamehe mwenye shahada. Kuandika pia husaidia. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza miaka ya 1980 kuwapa wanafunzi wake zoezi jepesi: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, waandike jambo lililowaumiza sana na walivyolihisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, walioandika hivyo walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Jaribu, lakini fahamu kwamba daftari halichukui nafasi ya mtu wa kukusikiliza. Na kama kuandika kunakuzidishia hali, acha, utafute msaada.

Fahamu njia kabla ya kuchagua

Watu huchanganya majina ya kazi hizi, na kuchanganya huko hugharimu miaka. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba kwanza: Tanzania ni miaka 5 ya udaktari, mwaka wa mafunzo kazini, halafu miaka 3 ya ubingwa. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo na vipimo vya kisaikolojia, na kwa kawaida huhitaji shahada ya uzamili juu ya ile ya kwanza. Mshauri nasaha, ambaye Tanzania wengi humwita mnasihi, husaidia watu katika ndoa, misiba, shule, Ukimwi, ulevi. Muuguzi wa afya ya akili ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wote. Afisa ustawi wa jamii hushughulikia mtoto aliyeteswa na familia iliyovunjika, hadi mahakamani.

Shahada ya kwanza ya saikolojia huchukua miaka 3 Tanzania na miaka 4 Kenya. Unaweza kuisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta au Makerere, na Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Jua mapema kwamba shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mtabibu. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayomtaka anayefanya kazi hii asajiliwe. Kabla hujalipa ada mahali popote, uliza mambo matatu: je, programu hii inatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako? Je, kuna mafunzo kwa vitendo hospitalini au kwenye kituo? Je, nitasimamiwa na nani nikianza kuona wateja? Chuo kisicho na jibu la swali la tatu hakikufai.

Fikiria pia kipato bila kujificha. Nafasi za serikali kwa wanasaikolojia ni chache kuliko za walimu au wauguzi, na wengi huanza kwenye mashirika kwa mikataba mifupi. Ndiyo maana kwa mtu ambaye tayari ni mwalimu au muuguzi, mara nyingi ni busara kuongeza elimu ya unasihi juu ya taaluma aliyonayo kuliko kuacha kazi na kuanza upya.

Na kama chuo hakiwezekani, mlango haujafungwa. Zimbabwe, mwaka 2005, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ya kijana huyo haikuwa na dola 15 za nauli ya kumleta hospitali. Msiba huo haukumwacha. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, alianza na bibi 14 wa mtaani, akawafundisha kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliofanywa kwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo wa Benchi la Urafiki umefika hadi Zanzibar.

Karibu zaidi na sisi, watafiti walifanya kazi na watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya tiba ya kiwewe na kusimamiwa kila mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba tiba ilipomalizika, katika maeneo 3 kati ya 4 watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Nairobi nako, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani, wakawasaidia wanawake waliopitia ukatili, na utafiti wa mwaka 2017 ukathibitisha kuwa mpango huo ulipunguza dhiki yao.

Katika mifano hiyo yote, mtu asiye na shahada aliweza kuponya kwa sababu alifundishwa jambo mahususi na alikuwa na msimamizi. Moyo wa huruma pekee haukutosha hata huko. Basi anzia hapo: ulizia kama zahanati ya kata, shule, kituo cha manusura wa ukatili au kikundi cha watu walioacha ulevi kina nafasi ya kujitolea na mafunzo. Baada ya miezi kadhaa utajua kama kazi hii ni yako, na utakuwa hujapoteza ada.

Ukiwa mbele ya mteja

Tuseme umefika. Mama anaketi mbele yako, anasimulia kipigo cha mumewe, na wewe ulishuhudia mama yako akipigwa. Utamwambia?

Kanuni ninayoishauri ni hii: kabla hujafungua kinywa, jiulize maneno hayo ni kwa faida ya nani. Kama yatamsaidia kuona kwamba hayuko peke yake, sentensi moja fupi inaweza kufaa, kisha unamrudishia yeye mazungumzo. Kama ni wewe unayetaka kueleweka, nyamaza, ukayapeleke kwa msimamizi wako. Mteja akianza kukupa pole, ujue mambo yamegeuka: amekuja kupokelewa, sasa anakupokea wewe. Na usimpe njia yako kama dawa. Wewe mama yako aliondoka, mkapona. Huyu ana watoto watano, hana kwao pa kurudi, na mume ana panga ndani. Ukimsukuma aondoke usiku huo kwa sababu hadithi yako ilimalizika vizuri, unaweza kumuua.

Usiwatibu ndugu na marafiki zako. Wasikilize kama ndugu, halafu waelekeze kwa mwenzako. Na yale ya chumbani yabaki chumbani, hata kwa mume au mke wako, hata bila kutaja jina. Miji yetu ni midogo; ukisema tu "mwalimu mmoja wa shule ile," watu wameshamjua. Siri hiyo huvunjwa tu ikiwa mtu yuko katika hatari ya kujiua, ya kuua, au mtoto anateswa. Hapo sheria na utu vinakutaka uchukue hatua, na mteja anapaswa kuambiwa mpaka huo tangu siku ya kwanza.

Kama ugonjwa bado unao

Wapo wanaouliza: mimi nina ugonjwa wa akili wa kudumu, natumia dawa, je, kazi hii imeshanipita? Haijakupita. Kay Redfield Jamison, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani na mmoja wa mabingwa wa ugonjwa wa bipolar, ana ugonjwa huohuo. Alilieleza jambo hilo hadharani mwaka 1995 katika kitabu cha maisha yake, pamoja na gharama ya miaka aliyokataa dawa ya lithiamu na jinsi alivyokaribia kufa. Aliendelea na kazi kwa sababu alikubali matibabu na akawa na wenzake waliojua hali yake na wangeweza kumwambia apumzike.

Hilo ndilo sharti. Awe yupo mtu mmoja kazini anayejua, mwenye ruhusa yako ya kukusimamisha siku ukianza kuteleza, na wewe uwe umekubali kutii kabla siku hiyo haijafika.

Na si lazima kila aliyeumia akae kwenye kiti cha mtabibu. Sitawa Wafula wa Kenya, anayeishi na kifafa na bipolar, alichagua kusema na kuandika hadharani, na akaanzisha huduma ya simu ya kuwasaidia wengine. Utetezi nao ni uponyaji. Unahitaji ujasiri na ukweli, na kwa watu wengi ndio njia inayowafaa zaidi.

Linda nafsi yako

Kusikiliza mateso kila siku humwachia msikilizaji alama. Baada ya miaka michache unaweza kuanza kuota ndoto za wateja, kuwaogopa wanaume wote, kuwakemea watoto bila sababu, au kinyume chake, kusikia habari ya mtoto aliyebakwa usihisi chochote. Kwa aliyewahi kuumia hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kila simulizi inayofanana na yake inagusa palepale. Asiyejua kuogelea akimrukia anayezama, wanazama wawili.

Hakuna aliyelijua hili kuliko watabibu wa afya ya akili wa Rwanda. Daktari wa akili Naasson Munyandamutsa alikuwa masomoni Uswisi mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalipowachukua watu wengi wa familia yake. Alirudi nyumbani, nchi ikiwa karibu haina daktari mwingine wa akili, akafanya kazi ya kujenga upya huduma hiyo hadi alipofariki mwaka 2016. Yeye na wenzake walitibu watu ambao msiba wao ulikuwa msiba wa watabibu wenyewe. Nchi iliyojeruhiwa namna hiyo haikuweza kusubiri waganga wasio na majeraha; ilihitaji wanaoyajua majeraha yao na wanaofanya kazi pamoja.

Kwa hiyo jiwekee taratibu tangu mwanzo. Kutana na msimamizi wako kwa ratiba, hata wiki ambayo unaona mambo shwari. Weka idadi ya wateja wa kiwewe kizito unaowaona kwa siku, ukichanganya na kazi nyepesi. Kesi inayofanana mno na yako, mpe mwenzako. Kukabidhi kesi ni uadilifu. Lala, kula, sali kama unasali, cheza mpira, nenda arusini. Na uwe na mnasihi wako, kama ulivyo na daktari wa meno.

Kama unasoma haya na kidonda chako bado kinavuja, kama umewahi kufikiria kwamba afadhali usiwepo, basi shauri la kazi liweke kando kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, nenda hospitali iliyo karibu, uulize huduma ya afya ya akili. Kazi itakusubiri.

Na wewe uliyekwisha tibiwa, unayehisi wito, usiubeze kwa kuona una historia mbaya. Kasome. Omba usimamiwe, na usione haya kuwa mwanafunzi kwa muda mrefu. Yule atakayeketi mbele yako akilia hatajali uliumia kiasi gani; atataka kujua kama unaweza kumsaidia. Jiandae ili siku hiyo jibu liwe ndiyo.